Kidonda cha farasi hakifungi, nyama yazidi kupanda. Nikate, nichome au nisubiri?

#1 Mwana_wa_Pwani
Hamjambo wadau. Kuna farasi namtunza huku Bamburi, Mombasa, hubeba wageni na watoto ufuoni. Usiku mmoja jirani walikuwa na harusi wakapiga fataki, akashtuka, akakata kamba na kupita katikati ya seng'enge. Mguu wa nyuma wa kushoto ulichanika mbele ya muundi, chini kidogo ya kifundo, ngozi ikabaki inaning'inia.

Daktari wa mifugo alikuja asubuhi akashona, akamchoma sindano ya pepopunda na penisilini. Nyuzi hazikukaa. Ngozi iliyoshonwa ikafa, ikadondoka. Sasa yapata mwezi na zaidi. Kidonda hakinuki, farasi yuala vizuri, hachechemei ila akigeuzwa ghafla. Shida ni nyama. Imeota nyekundu, imepita usawa wa ngozi kwa unene wa kidole, ukiigusa tu yatoka damu.

Mzee wa mtaani asema nipake mrututu wa kusaga, zile chembe za buluu za shaba. Jamaa wa ngamia asema nimwingize baharini kila alfajiri. Mwenye farasi asema ikatwe, basi. Nataka mtu aliyeshika farasi kwa mikono yake, si hadithi za ng'ombe.

#2 Kipara_Ngoto
Farasi Bamburi? Mimi kila nikija huko naona ngamia tu, na ngamia mwenyewe ana hasira. Haya, nimekaa pembeni nasoma.

#3 Saisi_Mstaafu
Nimekuwa saisi, yaani mtunza farasi, miaka mingi, mwanzo Ngong kwa farasi wa mbio, baadaye mashamba ya Naivasha. Kijana, hiyo nyama ni kitu cha kawaida kabisa kwa farasi, na ni mguuni hasa kuanzia goti na kifundo kwenda chini. Huko chini hakuna msuli. Ni mfupa, kano na ngozi iliyobana. Kidonda cha kifuani au pajani, hata kikiwa kikubwa cha kutisha, ngozi huvutika yenyewe kikafunga. Cha muundi hakina pa kuvuta.

Mwili unajaza shimo kwa nyama nyekundu, ni sawa. Ikifika usawa wa ngozi inatakiwa isimame ili ngozi itambae juu yake. Kwa farasi haisimami. Ikishapanda, ngozi haiwezi kupanda mlima, inakwama ukingoni.

Swali langu: ukiosha ukaangalia pembeni, unaona ukanda mwembamba wa rangi ya waridi iliyopauka kuzunguka kidonda? Huo ndio ngozi mpya. Kama upo, weka mrututu mbali. Mrututu unachoma nyama, lakini hauchagui. Ngozi mpya nayo inaungua, unarudi mwanzo.

#4 Mgogo_Halisi
Mzee Saisi shikamoo, lakini hapo kwenye mrututu nakupinga. Baba yangu alikuwa na punda wa kubeba maji kule Bahi, Dodoma, vidonda vya miguu vyote alitibu kwa mrututu na mafuta ya ng'ombe, na vilipona. Hakuna daktari aliyewahi kufika pale.

#5 Saisi_Mstaafu
Marahaba. Sikatai kwamba vilipona. Nauliza, vilipona kwa sababu ya mrututu au vilipona licha ya mrututu? Na kovu lilikuwaje?

#6 Mgogo_Halisi
Kovu lilikuwa jeusi, gumu, halina manyoya. Ila punda alibeba maji, hakwenda kwenye maonyesho ya urembo.

#7 Chumvi_Kijiko
😂😂 Mgogo umemaliza.

Mimi ni muuguzi wa binadamu, naomba niseme jambo moja tu la maji ya bahari. Maji ya kusafishia kidonda yana gramu 9 za chumvi kwa lita moja, yaani vijiko viwili vidogo vya chai, vilivyosawazishwa, kwenye lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Bahari ina gramu 35 hivi kwa lita. Ni karibu mara nne. Kwenye nyama mbichi hiyo inanyonya maji kutoka kwenye chembe zinazojaribu kujenga. Isitoshe, ufuo wenye mahoteli na mito ya maji machafu nani anajua umebeba nini.

Na tafadhali, zile dawa zinazotoa povu mnazopenda kumwagia vidonda, zinaua vijidudu na zinaua nyama hai pia. Mnafurahia povu tu.

#8 Mwana_wa_Pwani
Shukrani nyote. Mzee Saisi, ukanda upo upande wa juu na wa ndani. Chini haupo, pale nyama imelala juu ya ngozi kabisa. Povu nilikuwa natumia, naacha.

Chumvi_Kijiko, lakini mbona farasi wa mbio huwa twawaona wakitembezwa baharini wakiumia miguu?

#9 Saisi_Mstaafu
Hao wana kano zilizovimba, hawana kidonda wazi. Maji baridi yanashusha uvimbe. Hata wewe siku za mwanzo ungemwagia maji baridi ya bomba kwa mpira, robo saa hivi, ni kitu kizuri sana kwa kidonda kipya. Cha mwezi, ukiendelea kukilowesha, nyama inazidi kuvimba.

#10 Mtoto_wa_SUA
Wakuu, habari. Niko mwaka wa mwisho wa udaktari wa mifugo hapa SUA, chuo kikuu cha kilimo Morogoro, kwa hiyo msinichukulie kama daktari kamili. Naona wote mmerukia jibu moja. Kidonda cha pwani, penye joto, unyevu na nzi, kisichofunga zaidi ya mwezi, mimi cha kwanza kukifikiria ni habronema.

Ni minyoo inayoishi tumboni mwa farasi. Mayai hutoka na kinyesi, mabuu ya nzi huyala, nzi akikomaa anawabeba wale minyoo wachanga. Kawaida humshushia farasi mdomoni, wanamezwa, mzunguko unaendelea. Nzi akitua kwenye kidonda anawashusha humo. Humo hawawezi kukomaa, lakini hawafi upesi, wanawasha, nyama inaota kwa hasira. Utakata utachoka.

Dalili: kidonda kinawasha, farasi anajisugua au anajing'ata, na kwenye nyama kuna punje za manjano ngumu kama mchele. Mkuu, umeziona?

#11 Mwana_wa_Pwani
Subhanallah. Punje zipo! Si nyingi, lakini nikifuta na gozi (kile kitambaa cha kufungia kidonda) zatoka mbili tatu. Na kujing'ata yuajing'ata, hadi nimemfunga kichwa juu.

#12 Mtoto_wa_SUA
Basi kesi imeisha 😎 Ivamektini ya farasi, dawa ya minyoo ya kumlisha mdomoni kwa uzito wake, daktari wako akupangie. Usichukue ile ya ng'ombe ya sindano ukamchoma farasi. Na zizi lisafishwe kinyesi kila siku, vinginevyo nzi watarudisha.

#13 Saisi_Mstaafu
Kesi haijaisha, daktari mtarajiwa. Punje za manjano nimeziona pia kwenye vidonda ambavyo havikuwa na mnyoo hata mmoja, ni usaha uliokauka ndani ya mikunjo ya nyama. Na kujing'ata, kidonda chochote kinachopona kinawasha.

Mimi ninaloogopa ni mfupa. Seng'enge ilipita mbele ya muundi, pale ngozi imekaa juu ya mfupa moja kwa moja. Ikikwangua utando wa mfupa, kipande chembamba cha mfupa kinakosa damu, kinakufa, kinabaki ndani. Juu kidonda kinajifanya kizuri, chini kuna takataka. Kinafunga kidogo, kinafunguka, kinatoa usaha, kinafunga. Hapo hata upake nini, mpaka kipande kitolewe. Siku za mwanzo eksirei haikionyeshi, ni baada ya wiki kadhaa. Sasa ndiyo wakati wake.

Kijana, kuna tundu lolote linalotoa majimaji pale pale kila siku?

#14 Mama_Punda
Niko Lamu. Nimekuja na asali, msinicheke.

Hapa kwetu punda ni gari, ni lori, ni bodaboda. Kliniki ya punda ya The Donkey Sanctuary ipo tangu 1987 na hutibu bure, kwa hiyo vidonda vya miguu nimeviona vingi. Asali safi, si ile ya sukari ya barabarani. Unaosha kwa maji ya chumvi kama alivyosema muuguzi, unakausha pembeni, unapaka asali kwenye gozi, unafunga. Australia wameijaribu kwa farasi hasa, kwenye vidonda vya miguu, ikasaidia. Inakausha vijidudu na inazuia nyama kupanda ikianzwa mapema.

Nasema mapema. Kwa nyama iliyokwisha kupanda unene wa kidole sina hakika kama asali itaishusha.

#15 Kipara_Ngoto
Mama Punda, asali siafu hawaji?

#16 Mama_Punda
Waja. Ndiyo maana yafungwa.

#17 Mgogo_Halisi
Mnaona sasa? Punda wa Lamu wanapona kwa asali, wa Bahi kwa mrututu. Punda anapona kwa chochote. Farasi ni mayai.

#18 Mtoto_wa_SUA
Mgogo, hapo umegusa jambo la kweli bila kujua. Waholanzi walilinganisha farasi wakubwa na farasi wadogo wale wa aina ya poni, vidonda vilevile, mguu uleule. Wadogo walipona upesi zaidi na nyama haikuwasumbua sana. Sababu yake ni kwamba farasi mkubwa mwili wake huanza vita na vijidudu kinyonge halafu vita haviishi, vinabaki vinafukuta. Na ndivyo vinavyochochea nyama.

Ngozi mpya kwenye mguu wa farasi mkubwa husogea chini ya milimita moja kwa wiki. Kwa hiyo hata mambo yote yakienda sawa, kidonda cha upana wa kiganja ni miezi.

#19 Bwana_Hesabu
Milimita moja kwa wiki, na nyama ina unene wa kidole… huyu farasi atapona uchaguzi ujao.

Naomba kuuliza swali la kijinga. Mimi nilidhani farasi akiumia mguu anapigwa risasi tu. Kwa nini hamjampiga?

#20 Mbio_za_Jumapili
Bwana Hesabu, hiyo ni kuvunjika mfupa, si kidonda. Na hata kuvunjika si lazima. Barbaro, farasi wa Marekani, alivunjika mguu wa nyuma kwenye mbio za Kentucky Derby 2006, wakamfanyia upasuaji, akaishi miezi.

#21 Saisi_Mstaafu
Tusahihishe. Derby alishinda. Alivunjika wiki mbili baadaye, kwenye mbio za Preakness, tarehe 20 Mei 2006, mguu wa nyuma wa kulia. Walimfunga vyuma Pennsylvania, na mfupa ulikuwa unaunga. Kilichomuua ni miguu mingine. Farasi ana uzito wa nusu tani, akikataa kukanyagia mguu mmoja, miguu iliyobaki inabeba kupita kiasi, kwato zinaachana na nyama kwa ndani. Walimlaza kwa sindano ya kumwondolea mateso Januari 2007.

Na hilo linakuhusu, Mwana wa Pwani. Kila siku gusa ukwato wa mguu wa pili wa nyuma. Ukisikia joto lisilo la kawaida, au anahamisha uzito huku na huku, mwite daktari usiku huohuo.

#22 Mwana_wa_Pwani
Ukwato hauna joto, nimeugusa sasa hivi. Tundu, kuna mahali upande wa nje panabaki na unyevu kila nikibadilisha bendeji, ila si usaha, ni maji ya manjano mepesi.

#23 Saisi_Mstaafu
Mepesi au yanavutika? Chukua kwenye vidole viwili, tanua. Yakivutika kwa uzi kama ute wa yai, hiyo ni ya kwenye kiungo au ala ya kano (mfuko unaoizunguka kano), acha kusoma uzi huu, piga simu.

#24 Mwana_wa_Pwani
Hayavutiki. Ni maji tu. Alhamdulillahi.

#25 Swahili_wa_Muscat
Assalaam aleikum. Nipo Oman, nafanya kazi kwenye mazizi ya farasi wa mbio ndefu za jangwani. Sijaona mtu kataja sakoidi.

Ni uvimbe wa ngozi, ndio wa kawaida kuliko wote kwa farasi, una uhusiano na kirusi cha ng'ombe. Hupenda sana kutokea palipokuwa na kidonda. Unaonekana ni nyama tupu inayoota, watu wanakata, unarudi mkubwa kuliko mwanzo. Khasa mguuni. Tulikuwa na jike mmoja hapa, walikata mara ya kwanza, ya pili, ya tatu ndipo wakapeleka kipande maabara. Kumbe.

Nzi huko kwenu pwani hutoka kwa ng'ombe moja kwa moja hadi kwa farasi. Kuna ng'ombe karibu?

#26 Mwana_wa_Pwani
Jirani nyuma ya ukuta ana saba.

#27 Mtoto_wa_SUA
Haya, kila mtu na ugonjwa wake 😄 Sakoidi inawezekana, lakini ni nadra kuota haraka hivi baada ya jeraha jipya. Na hapo kuna mtego: ukimkata kipande cha kupima na ikawa ni sakoidi kweli, huko kuichokoza kunaweza kuifanya ikue kwa kasi. Usipokata hujui. Walimu wangu wenyewe hawakubaliani.

#28 Swahili_wa_Muscat
Nadra si haipo, daktari. Mimi ningekata chote kwa mpigo mmoja na kupeleka chote.

#29 Mzee_wa_Kuku
Kijana, huyo farasi amedhoofika ndio maana haponi. Mpe chakula cha broila, kina protini nyingi, mwezi mmoja utaona.

#30 Mtoto_wa_SUA
USIMPE! Naandika kwa herufi kubwa makusudi. Chakula cha kuku mara nyingi huwekewa dawa ya kuzuia kuhara damu, na moja ya dawa hizo ni monensini. Kuku anaivumilia. Farasi inamuharibu misuli ya moyo, kiasi kidogo tu kinaua, na haina dawa. Hata gunia lililokuwa na chakula cha kuku usimwekee pumba.

#31 Saisi_Mstaafu
Kweli kabisa. Na farasi hatapiki, akishameza kameza. Akisimama zizini bila kazi apunguziwe nafaka, apewe majani makavu na maji ya kutosha. Nafaka nyingi bila mazoezi ni msokoto wa tumbo, utasahau habari ya mguu.

#32 Mzee_wa_Kuku
Poleni, nilitaka kusaidia. Basi mayai?

#33 Kipara_Ngoto
Mzee wa Kuku hakubali kutoka mtupu 😂

#34 Chumvi_Kijiko
Turudi kwenye bendeji. Mama Punda anafunga. Mzee Saisi hajasema. Nimesoma kwamba kwa mguu wa farasi bendeji yenyewe huchochea nyama kupanda. Sasa afunge au asifunge?

#35 Saisi_Mstaafu
Mwanzoni funga. Shimo likishajaa, fungua. Ndivyo nilivyofundishwa.

#36 Swahili_wa_Muscat
Ukifungua pwani, nzi je? Mtoto wa SUA kasema nzi ndio wanaleta minyoo. Hapa tunafunga mpaka ngozi ikaribie kukutana. Ila bendeji iwe ya kukandamiza vizuri, nyama iliyokandamizwa haipandi. Gozi lisiloshika, juu yake pampasi ya mtoto, juu pamba nene ya kuzungusha mguu wote, juu bendeji ya kuvutika. Pampasi inanyonya majimaji na haishiki kidonda. Bendeji isianzie wala kuishia juu ya kano bila pamba chini, ikibana pale inakata damu, kano inavimba, umeongeza ugonjwa wa pili. Na ule mguu wa pili wa nyuma, usio na kidonda, nao ufungwe, kuusaidia kubeba.

#37 Mama_Punda
Pampasi! Hilo jipya kwangu, ahsante.

#38 Mtoto_wa_SUA
Kuhusu kukata, maana ndilo swali la mwanzo. Nyama ile haina mishipa ya fahamu, farasi hasikii uchungu ikikatwa. Ila ina damu nyingi mno, itamwagika mpaka uogope. Inakatwa na daktari, farasi ametulizwa kwa sindano, mpaka chini kidogo ya usawa wa ngozi, bila kugusa ule ukanda wa waridi, halafu inafungwa kwa kukandamizwa. Si kazi ya kisu cha jikoni na jirani mwenye moyo mgumu. Ikiwa imepanda kidogo tu, mafuta ya steroidi (dawa ya kutuliza uvimbe) kwa siku chache yanaishusha, ukizidisha yanazuia na ngozi nayo.

Lakini narudia, ukikata bila kuua minyoo itaota tena.

#39 Saisi_Mstaafu
Na ukiua minyoo mfupa ukabaki, itaota tena.

#40 Swahili_wa_Muscat
Na ikiwa sakoidi, itaota mara mbili.

#41 Bwana_Hesabu
Kwa hiyo itaota. Tumekubaliana jambo moja.

#42 Mwana_wa_Pwani
Wadau, mrejesho. Daktari alikuja jana. Amenikataza mrututu (nilikuwa nimeununua tayari kwa yule mzee). Alichokoza pale penye unyevu kwa kijiti cha chuma, hakugonga mfupa, lakini asema hilo halitoshi, ataka eksirei, na ile mashine yake ya kubebeka yatoka Nairobi, mwenye farasi anavuta miguu kwa gharama. Nyama ameikata yote. Mtoto wa SUA hakudanganya kuhusu damu, nilikaa chini. Kipande amechukua apeleke maabara. Ivamektini amempa palepale, asema haina hasara hata kama si minyoo. Akaulizia chanjo ya pepopunda, sindano aliyochomwa mwanzo ni ya kinga ya muda mfupi tu, kwa hiyo amemwanzishia chanjo yenyewe na ya pili itafuata.

Alipoisikia habari ya sakoidi alitikisa kichwa, akasema "tusubiri". Hakusema ndiyo wala hapana. Mrututu nitamrudishia mzee.

#43 Mgogo_Halisi
Usimrudishie. Utumie kwenye nyanya, unafaa kwa ukungu.

#44 Saisi_Mstaafu
Mbembeleze mwenye farasi alipe eksirei. Mwambie msimu wa Desemba farasi asiyefanya kazi anakula bure.

#45 Mtoto_wa_SUA
Akipona kabla ya picha ya eksirei, Mzee Saisi utakubali kwamba ni minyoo?

#46 Saisi_Mstaafu
Nitakubali kwamba alikatwa vizuri.

#47 Mama_Punda
Swahili wa Muscat, hukusema pampasi namba ngapi. Nina punda hapa kidonda kiko juu ya ukwato, za watoto wachanga zinateleza.

#48 Swahili_wa_Muscat
Kwa farasi namba tano, bi mkubwa. Kwa punda jaribu namba nne, na zile mbavu za kunata uzielekeze juu. Zikiteleza, ikaze kwa ule utepe mpana wa kunata wa mafundi bomba, lakini utepe usiguse manyoya.